Kopo la unga lilivyopima chumvi ya wagonjwa Murusagamba, miaka ya wakimbizi

Wakuu, salaam kwenu.

Mimi humu ni msomaji tu, huwa naingia, nacheka, natoka. Ila juzi kijana mmoja kaanzisha uzi anauliza hesabu za mole zimemsaidia nini mtu aliyemaliza Form Four na sasa anauza vocha. Wachangiaji wakamiminika. Huyu anataja logarithm, yule matrix, mwingine anasema walimu wa Chemistry walimpotezea ujana. Nimesoma kurasa zote na damu imenichemka.

Kijana, njoo ukae hapa mbele. Na nyie mliocheka sogeeni.

Ninayosimulia niliyaona mwenyewe, na mtoto aliyekuwa anaumwa nilimzaa mimi. Majina nimebadilisha kwa sababu baadhi ya watu bado wapo. Mengine yote yalikuwa hivi hivi.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Chemistry na Biology. Kwetu ni Murusagamba, Ngara, kule mpakani na Burundi. Miaka ile ya wakimbizi nilikuwa ndiyo kwanza nimeajiriwa, nafundisha sekondari moja wilaya ya Biharamulo, nina mtoto mmoja wa kiume wa mwaka na nusu. Nimwite Deo.

Kwa ambao hamkuwepo: watu walivuka mpaka wakiwa na magodoro kichwani, watoto mgongoni, wengine hawana hata kiatu. Wengi walipelekwa kambini, lakini kwetu kijijini kila familia ilikuwa na wageni kwenye jiko lake au chini ya migomba yake. Lugha tulielewana, Kihangaza na Kirundi ni ndugu. Chakula tuligawana. Tatizo likawa maji na vyoo. Visima vile vile vya watu wachache sasa vinategemewa na umati.

Kuhara kukaingia. Nyumba baada ya nyumba.

Mimi nilikuwa nimekuja likizo kwa mama yangu. Baba Deo alibaki kwetu Nyakahura, kule Biharamulo, na ng'ombe zake, mwanaume yule na ng'ombe ni mada ya siku nyingine.

Deo akaanza kuhara Jumapili baada ya misa. Hadi Jumatatu asubuhi macho yalikuwa yameingia ndani. Nikambeba mgongoni hadi kituo cha muda.

Kituo chenyewe kilikuwa madarasa mawili ya shule ya msingi. Madawati yametolewa nje, ndani mikeka, juu ya kila mkeka mama na mtoto. Ubaoni bado kulikuwa na maandishi ya darasa la tano, sentensi za Kiswahili za kujaza nafasi. Harufu ya mle ndani siielezi, kuna watu humu wanasoma wakiwa wanakula.

Nesi alikuwa mmoja. Nimwite Nesi Adelina, Mhaya wa Bukoba, mfupi, mkali, na alikuwa na miguu iliyovimba kwa kusimama. Huyu mama apewe heshima yake. Alifanya kazi ya watu kumi bila hata pa kukaa.

Sasa hapo kuna jambo lazima mlielewe.

Dawa ya mtoto anayeharisha ni zile pakiti za ORS, mnazijua. Unachanganya na lita moja ya maji safi, mtoto anakunywa kidogo kidogo. Ndani mna sukari na chumvi kwa vipimo maalum. Pakiti zilikuwa zinakuja na gari kutoka Ngara mjini, na mvua ilikuwa imekata barabara. Gari haliji. Pakiti zimeisha.

Nesi akafanya ambalo nesi yeyote mwenye akili angefanya. Akatafuta pipa la plastiki la lita mia mbili, akapiga hesabu ya sukari na chumvi kwa pipa zima, akaagiza wachanganye kwa wingi. Chumvi kwa pipa zima alisema iwe robo tatu ya kilo. Mizani ndogo ya dukani hakuwa nayo, akasema kwa mdomo: "Chumvi robo tatu, sukari kilo nane, maji pipa lijae." Kisha akakimbilia kwa mgonjwa mwingine. Hiyo ilikuwa kama wiki mbili kabla sijamleta Deo, na tangu hapo pipa lilikorogwa kila siku kwa kipimo kile kile.

Hesabu yake ilikuwa sawa. Nimeirudia mara nyingi maishani, ilikuwa sawa kabisa.

Aliyepewa kazi ya kuchanganya aliitwa Mama Spesioza. Mrundi, mama wa makamo, mpole, mwembamba, kitambaa cheupe kichwani kila siku. Alivuka mpaka na wajukuu tu. Kabla ya kituo kufunguliwa alikuwa anauza unga wa muhogo pale barabarani, na alikuwa na sifa moja kijiji kizima: kipimo chake hakiibi.

Niwaeleze kipimo chenyewe, maana vijana wa supermarket hamjui.

Kwetu sokoni hakuna aliyekuwa na mizani. Kulikuwa na kopo. Kopo la bati lililokuwa la maziwa ya unga, ukilijaza unga mpaka kichuguu kichomoze juu, hiyo ni robo kilo. Makopo manne ni kilo. Hakuna anayebishana. Muuzaji bahili anapitisha kiganja juu anafuta kile kichuguu, na huyo wateja wanamkimbia. Muuzaji mwenye utu anarundika mpaka unga unaporomoka pembeni, halafu akishamwaga kwenye mfuko wako anachota konzi moja zaidi anakuongezea. Hiyo ni nyongeza. Usipopewa nyongeza hurudi tena kwa mtu yule.

Mama Spesioza alikuwa wa kurundika na kuongeza. Watoto walimwita Mama Kichuguu.

Basi Nesi aliposema robo tatu, kazi alipewa nani? Mtu mwaminifu kuliko wote kwa vipimo, na kopo lake mkononi.

Mimi nilimwona akichanganya. Nilikaa na Deo mkeka wa karibu na mlango nikamtazama akichota makopo matatu ya chumvi, kwa upole, anakoroga na ubao mrefu. Sikuwaza kitu. Nimekulia kwenye kopo lile. Mama yangu alinituma unga kwa kopo lile tangu sijaanza darasa la kwanza. Ukiniambia kopo ni robo, ni robo.

Nikampa Deo kikombe cha kwanza. Akanywa kwa pupa. Nikafurahi.

Nikampa cha pili. Cha tatu.

Wakuu, mtoto anayepona kuhara hupunguza kiu. Anatulia, anasinzia, anakojoa. Deo kiu yake ilikuwa inaongezeka. Alikuwa anashika kikombe kwa mikono miwili, anakwaruza bati kwa meno. Nikikiondoa analia, na kilio chenyewe hakikuwa cha Deo. Kilikuwa chembamba, cha juu, kama cha paka. Mdomo mkavu. Ngozi ya tumbo ukiibana inakuwa kama unga uliokandwa.

Nikamwita Nesi. Akaja, akamgusa, akasema, "Mama Deo, endelea kumpa, taratibu, usichoke." Nikaendelea.

Naomba hapa nipumue kidogo.

Jioni ilipokaribia pipa lilikuwa linakwisha, na Mama Spesioza alikuwa ameenda kisimani na akina mama wengine. Maji yaliletwa kwa madumu ya lita ishirini, kichwani, kupanda kile kilima cha utelezi. Nesi akaniomba, "Mwalimu, hebu anza kuandaa chumvi na sukari, wakifika na maji tuchanganye mara moja." Nikamwacha Deo na mama yangu mzazi, nikaenda kwenye kona ya vyakula.

Nikachukua kopo. Nikalizamisha kwenye gunia la chumvi, nikalirundika kama nilivyofundishwa, nikaliinua.

Mkono ukashuka.

Sijui nieleze vipi. Mkono wangu ulikuwa umezoea uzito wa kopo lile likiwa na unga. Tangu utoto. Na mkono ukaniambia, hii siyo robo.

Nikasimama pale na kopo la chumvi mikononi. Ile sura ya Form One, kipindi cha kwanza cha density, nimeifundisha mwenyewe muhula uliopita: ujazo ule ule, vitu tofauti, uzito tofauti. Nimeandika ubaoni. Nimewapa mazoezi. Nimewachapa waliokosea. Na nimekaa siku nzima namtazama mwanamke akipima chumvi kwa kopo la unga na sikuona kitu.

Kituoni kulikuwa na mizani moja tu, ile ya kupimia watoto kliniki, inaning'inizwa kwenye kenchi na kaptula ya kitambaa. Nikaweka mfuko wa nailoni ndani ya ile kaptula. Nikapima makopo manne ya unga wa uji wa wagonjwa, kwa kurundika. Mshale ukasimama kwenye kilo moja. Sawa sawa na sokoni. Mama Spesioza hakuwahi kumwibia mtu.

Nikamwaga unga, nikapima makopo manne ya chumvi.

Kilo mbili.

Nikatoa, nikarudia. Kilo mbili. Chumvi imening'inia pale kwenye kaptula ya mtoto kama mtoto njiti, na mimi nimeishika kwa mikono miwili isidondoke.

Nikachukua chaki. Ubaoni, juu ya zile sentensi za darasa la tano, nikaandika. Akina mama kwenye mikeka wananiangalia kama nimerukwa na akili.

Kijana wa vocha, fuatana nami. Ndiyo zile zile.

Nesi alitaka gramu 750 za chumvi ndani ya lita 200. Molar mass ya chumvi ni 58.5. Gawanya 750 kwa 58.5, unapata mole 12.8. Gawanya kwa lita 200. Ni mole 0.064 kwa kila lita. Hiyo ni salama, mtoto anapona.

Kilichoingia ni makopo matatu ya gramu 500. Gramu 1,500. Hizo ni mole 25.6.

Na maji? Nikamuuliza mama mmoja aliyekuwa anabeba tangu asubuhi, madumu mangapi yanaingia kwenye pipa. Akasema manane. Kwa nini si kumi? Akanishangaa. "Mwarimu, ukijaza hadi juu utakorogea wapi? Si itamwagika?" Kweli kabisa. Pipa la lita mia mbili, ndani lita mia na sitini.

25.6 gawanya kwa 160.

0.16.

Nilisimama nikaitazama ile namba. Kwa sababu mimi ni mwalimu wa Biology pia, na kuna namba nyingine naijua. Damu ya binadamu ina sodium karibu mole 0.14 kwa lita.

Dawa niliyokuwa nampa mwanangu ilikuwa na chumvi nyingi kuliko damu yake.

Mnakumbuka osmosis? Kile kipande cha kiazi kwenye maji ya chumvi, kinasinyaa? Maji yanatoka kwenye kiazi yanakwenda kwenye chumvi. Kila kikombe nilichompa Deo kilikuwa kinanyonya maji kutoka kwenye chembe za mwili wake, kwenye ubongo wake, na yeye anaomba kingine kwa sababu ana kiu, na mimi nampa kingine kwa sababu nampenda. Sukari nayo ilikuwa imezidi kwa sababu zile zile, ila chumvi ndiyo iliyokuwa inaua.

Na hapo sijaweka nyongeza.

Nikapiga kelele. Sikuita jina la mtu, ni kelele tu. Nesi Adelina akaja mbio, akadhani mtoto amefariki. Nikamwonyesha ubao. Nikamwonyesha mizani. Alikuwa amechoka mno, akaniambia, "Mwalimu, sina muda wa ubao." Nikamshika mkono, nikamwekea kopo la chumvi kiganjani, halafu kopo jingine kama lile, la unga, kiganja cha pili.

Akatazama viganja vyake. Midomo yake ikawa myeupe.

Wakati huo huo mama yangu akaniita. Deo alikuwa amekakamaa. Macho yamepinduka, mikono imekunjwa, taya limekaza. Degedege.

Sikumbuki nilivukaje ile mikeka. Nakumbuka tu nimemshika na nilikuwa nasema "maji, maji, nipeni maji matupu," na Nesi ameng'ang'ania kikombe ananinyima. Nilimpiga, wakuu. Nilimpiga kofi yule mama mwenye miguu iliyovimba. Hakurudisha. Akasema kwa sauti ya chini, "Ukimpa maji mengi sasa hivi ubongo utavimba, utamuua. Tunapunguza polepole. Mnyonyeshe. Halafu kijiko. Kijiko, Mama Deo, siyo kikombe."

Unaelewa hiyo? Umeshajua kosa ni nini, maji yapo pale, mtoto anakufa kwa kiu, na unatakiwa umpe kwa kijiko.

Nesi akamchoma dawa ya degedege, moja ya chache alizobaki nazo. Kisha akaenda kwenye pipa, akafungua bomba, akaacha yaliyobaki yamwagike.

Hapo ndipo varangati likaanza. Watu wametembea na watoto wagonjwa, wanaona dawa inatiririka kwenye matope! Mama mmoja akajitupa na sufuria kukinga. Baba mmoja akasema wazi kwamba hawa wanataka wakimbizi wafe. Mwingine akasema hapana, wanataka wenyeji ndio wafe. Na Mama Spesioza anaingia na dumu kichwani, anaona kazi yake inamwagwa, akalia, "Nesi, nimekosa nini? Nimepima vizuri! Mimi si mwizi wa kipimo!"

Kuna atakayeuliza, mwalimu, kwani hamkuweza kuzimua? Swali zuri. Kwa hesabu, kila lita iliyobaki ilihitaji kuongezewa lita moja na nusu ya maji ndipo iwe salama. Lakini hesabu ilikuwa ya makopo matatu, na nilipomuuliza Mama Spesioza aliongeza nyongeza kiasi gani, alinionyesha konzi. Mara moja, mara mbili, kutegemea na wagonjwa walivyokuwa wengi siku hiyo. Wagonjwa wakiwa wengi alikuwa anaongeza zaidi. Kwa huruma.

Konzi la huruma huwezi kuliweka kwenye fomula. Tukamwaga lote.

Tukachanganya upya. Kwa lita 160 na mole 0.064, ni mole 10.24, mara 58.5, takriban gramu 600. Tukazipima kwenye kaptula ya kliniki, macho ya Nesi na yangu yote kwenye mshale. Nesi akaonja, akaniambia, isizidi chumvi ya machozi. Mimi nilikuwa nayo machozi ya kulinganishia.

Deo nilimpa kijiko, nikahesabu pumzi, nikampa kijiko. Titi, kijiko, titi. Degedege likarudi mara moja zaidi, fupi. Palipokucha alikuwa amelala kifuani kwangu, na nikahisi joto linatambaa kwenye kitenge.

Amekojoa.

Nilicheka kwa sauti. Nilinyanyua kile kitenge kilicholowa nikawaonyesha watu kama bendera. Mama yangu akaanza kusali rozari kwa Kihangaza na wengine wakamfuata.

Ningependa kuishia hapo. Mtoto kapona, mole zimesaidia, kijana wa vocha kajibiwa.

Lakini asubuhi ile nilitoka nje kuanika kitenge, nikamkuta Mama Spesioza amekaa nyuma ya darasa, peke yake, amelipakata kopo. Nikasema shikamoo mama. Akaitikia marahaba, hakuinua kichwa.

Nilijua alikuwa amezika mjukuu wiki iliyotangulia. Kijiji kizima tulijua, na mama yangu alikwenda msibani. Mtoto wa kike, Goreti. Aliharisha, wakasema kuhara kumemshinda. Baada ya kuzika, bibi yake alirudi kukoroga pipa, na watu walimsifu kwa moyo ule.

Akaniuliza, "Mwarimu. Ule umunyu, chumvi ile. Goreti wangu alikunywa wa kwenye pipa hili hili?"

Nikaanza kusema, mama, kuhara kwenyewe kulikuwa kukali, watoto wengi wamekwenda hata kabla ya pipa, mambo ya Mungu...

Akainua mkono. "Nimekuuliza hesabu. Sijakuuliza pole."

Wakuu, nimesimamia mitihani, nimejibu wakaguzi, nimefukuza wanafunzi shule. Sijawahi kuulizwa swali gumu kama lile.

Nikakaa chini kwenye majani yenye umande. Nikamwambia ukweli wote. Kwamba kopo la unga likipima chumvi linatoa mara mbili. Kwamba pipa halikujaa. Kwamba ukiunganisha, kila kikombe kilikuwa na chumvi mara mbili na nusu ya ile aliyotaka Nesi. Kwamba sikujua kama Goreti angepona bila hiyo, na hilo nalo lilikuwa kweli. Lakini kwamba alikunywa hiyo, ndiyo.

Akauliza, "Na nyongeza?"

Nikamwambia hiyo ni juu ya hesabu yote hiyo.

Akasema polepole, "Yeye nilimpa nyingi. Alikuwa wangu."

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, yeye akanipigapiga mgongo kama ndiye aliyekuja kunipa pole. Kisha akasimama akaenda kisimani.

Nesi Adelina alitaka kumtoa kwenye kazi ile, kwa kumwonea huruma. Watu wengine hawakuwa na huruma, maneno yalishaanza, kwamba Mrundi katia sumu. Kulikuwa na vijana wawili walioanza kuokota mawe. Nesi akasimama mlangoni na ile miguu yake akawaambia robo tatu ilitoka mdomoni mwake, wampige yeye kwanza. Hakuna aliyerusha.

Asubuhi iliyofuata Mama Spesioza alikuja kama kawaida, kitambaa cheupe kichwani. Tulikuwa tumetoboa alama kwenye kopo kwa msumari, mahali ambapo chumvi ikifika inatosha, na makopo tumeshayahesabu upya kwa mizani. Akachota chumvi. Ikazidi alama. Akaifuta kwa kiganja, polepole, ikarudi kwenye gunia, na nilimwona anaumia kwa kufuta kule, mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kumfutia mtu kopo.

Akakoroga. Kisha kabla mama yeyote hajakinga kikombe, akachota cha kwanza akanywa chote, mbele ya watu, amewatazama. Akasubiri. Akapangusa mdomo, ndipo akaanza kugawa.

Alifanya hivyo kila pipa hadi barabara ilipofunguka na pakiti zikarudi.

Basi, ndugu zangu, mnataka funzo? Funzo ni kwamba kopo halina kosa, Nesi hakuwa na kosa, na Mama Spesioza alikuwa mtu mwema kuliko mimi na wewe. Kila mmoja alifanya sawasawa na alivyojua. Kilichokosekana ni mtu mmoja kujiuliza kitu kilichomo ndani ya kopo ni kipi. Ndiyo density hiyo, ile mnayoicheka.

Na kama una mtoto anayeharisha, usije ukafuata hesabu zangu hapa ukakorogea jikoni. Pakiti zipo kila duka la dawa siku hizi. Soma maelezo, pima maji kwa chupa ya lita, mpeleke kituoni.

Nimefundisha mada ile hadi nastaafu. Kila mwaka nilileta darasani unga na chumvi na kopo, nikawapitishia wanafunzi wanyanyue mmoja mmoja kwa mikono yao kabla sijaandika neno lolote ubaoni. Mwaka mmoja, shule fulani kule Runazi, binti mmoja mchangamfu alirundika chumvi mpaka ikamwagika mezani, akaniambia, "Madam, si bora izidi kuliko ipungue?"

Nikaomba radhi, nikatoka nje, nikasimama nyuma ya darasa mpaka kengele ikalia.

Wale mliokuwa Ngara na Biharamulo miaka ile, semeni mliyoyaona, mimi nipo nasoma. Na wewe kijana wa vocha, sina kinyongo. Nenda jikoni, chukua kikombe kimoja, pima unga, pima chumvi, nyanyua, halafu uje hapa utuambie mkono wako umesemaje.